Saa 17 za wali wa kubeba

Wali uliopikwa Mbagala saa mbili usiku na kuliwa Posta saa saba mchana una umri wa saa 17. Katika saa hizo umelala kwenye sufuria jikoni, umepashwa moto alfajiri au haukupashwa, umefungwa kwenye kontena, umepanda daladala, umekaa kwenye foleni ya Barabara ya Kilwa, kisha umesubiri chini ya meza ofisini. Mwenye nao anajua gharama yake: mchele, maharage, mafuta kidogo na gesi. Anajua pia bei ya sahani ya mama lishe aliyoikwepa. Tuseme ni shilingi 2,500. Kwa siku 22 za kazi hiyo ni 55,000 kwa mwezi, na nyumba yenye wafanyakazi wawili inaokoa sehemu kubwa ya 110,000. Hapo hujahesabu mtoto wa shule.

Hesabu ya fedha tunaiweza. Inayotushinda ni hesabu ya saa na joto. Dar es Salaam mwezi wa Februari, mchana hufika nyuzijoto 32 za Selsiasi na usiku hauteremki sana chini ya 25. Bakteria wa chakula wangeulizwa wachague hali ya hewa, wengi wangechagua hiyo hiyo. Shirika la Afya Duniani linashauri chakula kilichopikwa kisikae zaidi ya saa mbili katika joto la kawaida. Kitunzwe chini ya nyuzijoto 5 au juu ya 60. Mamlaka za chakula za Marekani huzipunguza saa hizo mbili kuwa moja, hewa ikizidi nyuzijoto 32.

Mtu wa Mbagala akisoma ushauri huo ana haki ya kucheka. Saa mbili hazimfikishi hata kitandani. Lakini ukiutazama vizuri, ushauri haukatazi kubeba chakula. Unaacha milango kadhaa wazi: chakula kiwe cha moto kweli, au cha baridi kweli, au kiwe kikavu ama chenye asidi kiasi cha kuwashinda bakteria. Kinachobaki nje ya milango hiyo ni chakula chenye unyevu kilicho vuguvugu, na hicho ndicho wengi wetu tunachobeba. Chakula cha bei nafuu hakina kosa lolote kwa kuwa cha bei nafuu. Maharage, dagaa na mihogo vinamlisha mfanyakazi vizuri kuliko chipsi zinazouzwa ng'ambo ya barabara. Tatizo ni uvuguvugu.

Tuanze na mchele wenyewe. Katika punje zake, hata ule wa Kyela unaonukia mtaa mzima, mara nyingi mna spora za bakteria aitwaye Bacillus cereus. Makazi yake ni udongo, kwa hiyo huingia kwenye mpunga shambani na kuufuata mashineni, sokoni na jikoni. Spora ni bakteria aliyejifungia ndani ya ganda gumu: hali, hakui, hazaliani, anangoja. Maji yanayochemka huua bakteria wa kawaida katika dakika chache, lakini spora nyingi huvumilia, na joto lile lile huziamsha. Sufuria ikiepuliwa na wali ukashuka chini ya nyuzijoto 50 hivi, spora huanza kuota. Bakteria anajikuta kwenye chakula laini, chenye maji na wanga tele, na washindani wake wote wameshauawa na moto wetu.

Kwenye nyuzijoto 30, ndani ya wali, anaweza kuongezeka maradufu kila baada ya nusu saa hivi. Anza na bakteria 100 katika gramu moja ya wali. Wakiongezeka maradufu mara kumi, yaani kwa muda wa saa tano, wamefika zaidi ya 100,000, kiwango ambacho wataalamu wa usalama wa chakula huanza kukihofia. Ongeza muda wa wali kupoa na wa spora kuota. Hata hivyo usiku mmoja wa Dar unatosha na kubaki.

Bakteria huyu huumiza kwa njia mbili. Ya kwanza ni sumu inayotengenezwa tumboni baada ya kula, na huleta kuhara saa 8 hadi 16 baadaye. Ya pili ni sumu iitwayo sereulidi, ambayo hutengenezwa ndani ya chakula chenyewe kabla hakijaliwa, na humtapisha mtu ndani ya saa chache. Sereulidi inavumilia nyuzijoto 121 kwa zaidi ya saa nzima, joto ambalo sufuria ya kawaida haifiki kamwe. Hapa ndipo imani yetu kubwa kuhusu kiporo inapovunjika. Kupasha wali alfajiri mpaka utoe moshi kunaua bakteria, lakini sumu waliyokwisha kuitengeneza usiku inabaki palepale.

Sayansi ilijifunza haya kwa matumbo ya watu. Mwishoni mwa miaka ya 1940 mjini Oslo, watu mamia waliugua baada ya kula kitindamlo chenye mchuzi wa vanila uliokuwa umepikwa mapema na kuachwa katika joto la chumba. Mtafiti Steinar Hauge alimshuku Bacillus cereus, ambaye wakati ule wengi walimwona hana madhara. Akamkuza ndani ya mchuzi wa vanila, kisha akanywa mililita 200 za mchuzi huo mwenyewe. Baada ya saa 13 hivi tumbo likamkata na kuhara kukaanza. Ushahidi ukapatikana, ingawa kamati za maadili ya utafiti za siku hizi zisingempa hata kijiko.

Ile sumu ya kutapisha ilijitokeza Uingereza kuanzia mwaka 1971, katika migahawa ya Kichina. Wapishi walikuwa wakichemsha wali mwingi, wakiuacha nje ya friji usiku kucha kwa sababu wali wa friji hugandana, kisha siku ya pili wakiukaanga haraka kwenye moto mkali. Moto mkali haukusaidia kitu. Na mwaka 2008 mjini Brussels, kijana wa miaka 20 alikula tambi zilizokaa siku tano nje ya friji baada ya kuzipasha kwenye maikrowevu, akafariki kabla ya kupambazuka. Kisa cha namna hiyo ni nadra mno na siku tano si usiku mmoja. Kwa kawaida mgonjwa hutapika, hulala nusu siku na kulaumu maji. Nakitaja kwa sababu ya maikrowevu.

Mtu atasema: lakini kiporo kikichacha si nitakijua? Kuchacha unakujua, ndiyo, maana harufu ile ni kazi ya bakteria wanaotoa asidi na gesi, na pua zetu zimefundishwa na mabibi kuwatambua. Sereulidi haina harufu wala ladha. Wali unaweza kuwa mzuri kabisa puani na ulimini na bado ukakurudisha nyumbani saa tisa alasiri.

Wengi hujibu tatizo hili kwa kununua hotpoti. Chombo hiki kina babu maarufu. Mwaka 1892 James Dewar, mwanasayansi wa Scotland aliyefanya kazi London, alitengeneza chupa yenye kuta mbili na ombwe katikati ili atunze gesi alizozigeuza kimiminika kwa baridi kali. Joto hupita kwa shida mahali pasipo na hewa, na rangi ya fedha kwenye kuta hurudisha ile mionzi inayojaribu kutoroka. Dewar hakuilinda kwa hataza, na mwaka 1904 Wajerumani wakaanza kuiuza kwa jina la Thermos. Hotpoti nyingi za bei ya kawaida pale Kariakoo hazina ombwe. Katikati ya plastiki ya nje na chuma cha ndani kuna povu lililojaa vipovu vya hewa. Zinafanya kazi, ila kwa muda mfupi zaidi.

Na hotpoti haina moto. Haipashi chochote, inachelewesha tu. Ukiitilia wali wenye nyuzijoto 85, itautoa saa kadhaa baadaye ukiwa bado juu ya 60, na hapo hakuna bakteria anayekua. Ukiitilia wali wa 50 uliopashwa juu juu, inakuwa kiota. Katika maharage na mchuzi wa nyama kuna bakteria mwingine wa spora, Clostridium perfringens, asiyependa hewa na anayejisikia vizuri ndani ya rojo nzito. Kati ya nyuzijoto 43 na 46 anaweza kuongezeka maradufu kila dakika kumi hivi. Hilo ndilo joto la hotpoti iliyojazwa ovyo, nayo italitunza kwa uaminifu mpaka saa saba. Kwa maoni yangu kontena la plastiki la kawaida ni salama kuliko hotpoti ya namna hiyo, kwa kuwa kontena angalau halijifanyi kusaidia.

Dawa yake ni rahisi na wauza chai wa mitaani wanaijua: chombo kipashwe kwanza. Chuma cha ndani kikiwa baridi hunyang'anya chakula joto mara kinapoguswa. Mimina maji yanayochemka ndani ya hotpoti, funika, acha dakika tano hadi kumi wakati chakula kinachemka jikoni, mwaga maji, pakua papo hapo, funga. Jaza mpaka karibu na mfuniko, maana chakula kidogo hupoa upesi kuliko kingi: kina uso mkubwa ukilinganisha na ujazo wake. Kanuni hiyo inawaonea watoto. Kihotpoti cha mtoto wa darasa la pili, chenye vijiko sita vya wali, hupoa kabla ya hotpoti ya baba yake hata kama vyote vimetoka duka moja. Usikifungue njiani kuangalia kama bado ni cha moto.

Lakini yote hayo yanadai chakula kiwe kimepikwa asubuhi, au kiwe kimelala salama. Kulala salama maana yake ni kupoa haraka. Wali uliobaki kwenye sufuria ukiwa na kina cha sentimita nane hupoa polepole sana katikati, kwa sababu joto la ndani lazima lisafiri hadi pembeni ndipo litoke. Fizikia ya usafiri huo ina kanuni ya ajabu: muda hupungua kwa mraba wa unene. Ukipunguza unene kwa nusu, muda unakuwa robo. Ukiutandaza wali huo kwenye sinia ukabaki na kina cha sentimita mbili, joto la katikati linahitaji takriban sehemu moja ya 16 ya muda ule kutoka. Kilichokuwa kitachukua nusu ya usiku kinamalizika wakati unaosha vyombo. Sinia na kawa, vyombo vya kila nyumba ya pwani, ni mtambo mzuri wa kupoza: kawa huzuia nzi na kuruhusu mvuke utoke. Mfuniko wa sufuria hufanya kinyume, mvuke hugeuka maji na kulirudishia tabaka la juu unyevu ambao bakteria anautaka. Wali ukishapoa, uingie friji ndani ya saa moja au mbili, kwenye chombo chenye kina kifupi. Umeme ukikatika, friji iliyofungwa hutunza baridi kwa saa nne hivi, mradi watoto wasiifungue kila dakika kuangalia kama umeme umerudi.

Asubuhi una chaguo mbili na usizichanganye: upashe mpaka uunguze ulimi na utie kwenye hotpoti iliyopashwa, au ubebe wa baridi na uubakize baridi. Kwa njia ya pili, barafu ni rafiki wa bei ndogo. Nusu lita ya maji iliyogandishwa hunyonya takriban kilojuli 167 ili iyeyuke tu, kabla maji yake hayajaanza kupata joto. Maji yale yale yakiwa ya friji tu, yakipanda kutoka nyuzijoto 5 hadi 25, hunyonya kilojuli 42. Kwa hiyo chupa moja iliyoganda, ikizungushiwa taulo kuukuu pamoja na kontena, inafanya kazi ya chupa nne za maji baridi. Mchana umepata na maji ya kunywa. Usiijaze mpaka mdomoni. Maji yakiganda hutanuka kwa karibu asilimia 9. Ofisini, kama kuna maikrowevu, koroga katikati ya kupasha, kwa sababu mionzi yake huacha vidonge vya baridi katikati ya moto.

Asiye na friji wala barafu hajafungiwa milango yote. Bacillus cereus anahitaji maji mengi yaliyo huru na hapendi asidi. Chapati kavu, maandazi, mihogo iliyokaangwa, karanga, mkate: hivi vina unyevu mdogo kuliko wali na mchuzi, na kusubiri asubuhi moja si jambo kubwa kwavyo. Pembeni yake weka ndizi au chungwa. Achari na ndimu husaidia pale tu asidi inapoingia ndani ya chakula chote. Kijiko cha achari juu ya wali kinalinda ule wali kilioutia rangi, basi. Vitu vya nazi ni kinyume chake kabisa. Tui lina mafuta, sukari na protini, halina asidi ya maana, na limekamuliwa kwa mikono na maji. Mpishi wa pwani hahitaji maabara kujua kwamba maharage ya nazi ya jana jioni hayafiki mchana. Wiki ya kazi apike maharage makavu ya vitunguu na nyanya, tui lingoje Jumapili.

Maharage yanastahili maneno zaidi, kwa sababu ndiyo yanayoufanya mlo huu uwe wa nafuu bila kuwa wa njaa. Protini ya mahindi na mchele ina upungufu wa laisini, moja ya asidi amino ambazo mwili hauwezi kujitengenezea. Maharage yana laisini nyingi lakini yana upungufu wa methionini, ambayo nafaka inayo. Makande, au githeri kwa jirani zetu wa Kenya, yalifunga ndoa hiyo kabla ya mtu yeyote kupima asidi amino. Gharama kubwa ya maharage mara nyingi ni moto wa kuyapikia. Kuyaloweka usiku kucha na kumwaga maji yake kunapunguza muda wa kuchemsha, na kisha yachemke kwa nguvu, si kwa moto wa kubembeleza, kwa sababu maharage, hasa mekundu, yana lektini inayoumiza tumbo isipovunjwa na mchemko. Wengine hutia magadi ili yaive haraka. Yanaiva kweli, ila hali ya alkali huharibu vitamini B1. Ukiwa na nafasi ya kuchagua, chagua kuloweka. Na ukiwa na kikapu kilichoshindiliwa majani makavu ya mgomba au matambara, maharage yaliyochemka sawasawa yanaweza kuhamishiwa humo na kuendelea kuiva bila mkaa. Ni hotpoti kubwa tu, kwa hiyo sheria ile ile: yaingie yakichemka, yatoke bado moto, yasilale humo mpaka asubuhi.

Kwa mtoto wa shule hesabu ni nyepesi kidogo, kwani wengi hula saa nne. Saa tatu au nne tangu atoke nyumbani zinavumilika kwa viazi vitamu vilivyochemshwa asubuhi. Vile vyenye nyama ya rangi ya chungwa vina beta-karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A; vyeupe havina kiasi cha maana. Yai la kuchemsha liende na ganda lake. Watu hulitumbukiza kwenye maji baridi ili limenyeke vizuri, na wasichofahamu ni kwamba yai la moto likipoa hujikunja ndani na kuvuta maji kupitia vitundu vya ganda. Yakiwa machafu, yai limeyanywa. Na vyombo: kopo la aiskrimu au siagi lilitengenezwa kwa vitu vya baridi, lisitiliwe mchuzi wa moto wenye mafuta. Tafuta chini ya kontena pembetatu yenye namba 5. Hiyo ni polipropilini, inayovumilia joto la chakula.

Kachumbari ifungwe peke yake bila chumvi. Chumvi huvuta maji kutoka kwenye nyanya na vitunguu, na kufikia mchana una supu. Chumvi na ndimu vitiwe wakati wa kula, na ndimu hiyo isiachwe, kwa sababu madini ya chuma yaliyo kwenye maharage hufungwa na fitati na kupita tumboni bila faida kubwa. Vitamini C ikiwa katika mlo huo huo, kiasi kinachofyonzwa kinaweza kuongezeka mara mbili au tatu. Chai hufanya kinyume: tanini zake zinaweza kukata zaidi ya nusu ya ufyonzaji huo. Kikombe cha chai ya rangi kinacholetwa ofisini saa saba na robo, kijiko bado kikiwa mkononi, kinatengua kazi ya ndimu. Kikinywewa saa nane na nusu, maharage yatakuwa yameshapata nafasi yao.